Lori la Mbalamwezi

Naitwa Shija. Kama umewahi kununua kitu kilichotengenezwa Mwanza, kimefungwa vizuri kwenye pakiti yake safi na jina juu, basi jua kuna siku nilipita kwenye kiwanda kile nikapiga kelele. Sijisifu. Au tuseme najisifu, lakini kwa haki. Shule niliishia darasa la nne, Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, na bado wenye shahada zao wamekaa mbele yangu wakiandika ninayosema. Sasa nimeng'atuka. Nimeng'atuka meno yote yakiwa kinywani, ila goti moja limegoma kupanda ngazi za viwanda. Nimebaki na mdomo, na mdomo, kijana wangu, ndio ulioniajiri tangu mwanzo.

Kazi yenyewe ilikuwa gani? Mama yangu mzazi alikufa akiwaambia majirani pale Igogo kwamba mwanawe "anatembelea viwanda." Hakukosea sana. Nilikuwa nakuza kampuni za kati. Siyo zile za mtu na cherehani yake, wala siyo zile zenye mabango barabara nzima. Za kati. Naingia, naangalia, nauliza maswali ya kijinga, nagombana na mwenye mali, tunapatana, na nikitoka pale kampuni imerefuka.

Wewe unayetaka kufanya kazi hii, shika hili kwanza. Kampuni ya kati ni kijana aliyebalehe. Suruali ya jana imemfika kwenye ugoko, ya baba yake inamwanguka. Akila hashibi. Sauti yake asubuhi nene, jioni nyembamba. Mtoto mdogo kila mtu anambeba: mama lishe ana kikundi chake, fundi viatu ana semina yake na chai juu. Mtu mzima naye ana wenzake: kiwanda kikubwa kikizinduliwa ngoma zinapigwa, mheshimiwa anakata utepe. Huyu wa katikati akiomba msaada anaambiwa, "Wewe umeshakua, jitegemee." Akibisha hodi kwa wakubwa anaambiwa, "Wewe bado mdogo, subiri." Na naapa mbele yako, nchi hii mzigo wake mzito uko kichwani kwa huyo huyo asiyebebwa. Akirefuka yeye, anarefuka mkulima anayemuuzia, dereva anayembebea, na yule binti wa jirani anayemfungia mizigo. Mimi niliyaona hayo kabla hayajaanza kusemwa kwenye warsha za hotelini.

Aliyenifungua macho ni Mzee Balele, msimamizi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba ambako mimi nilianza nikiwa mshona magunia. Mfupi, sauti kama honi ya meli. Siku moja alinishika sikio, kweli kabisa alinishika sikio, akasema, "Bebe, wewe Shija! Ukiingia kiwanda cha mtu usianze na ofisi. Ofisini utapewa soda na uongo. Anza na choo. Choo kikiwa kichafu, mwenye kiwanda hawaoni watu wake. Halafu nenda wanapokula. Halafu zunguka nyuma ukaone wanatupa nini."

Nimeifanya kazi yangu yote kwa sentensi hizo. Niliwahi kuzunguka nyuma ya kiwanda cha kukamua alizeti, nikakuta mashudu yamerundikwa mpaka mbuzi wa mtaa mzima wamenenepa kama mafahali. Nikamwita mwenye mali. "Hongera, una mifugo mizuri."

"Mimi sina mbuzi, Bwana Shija."

"Unao wengi tu. Unawalisha kila siku, ila supu wanakunywa wengine."

Baada ya muda si mrefu mashudu yalikuwa kwenye mifuko yakiuzwa kwa wafugaji, na mbuzi wa mtaa wakarudi kwenye unene wao halali. Wenye mbuzi walininunia. Mpaka leo kuna mzee mmoja Nyakato haniitikii salamu.

Huko huko Nyakato alikuwepo bwana mmoja wa sabuni za mche. Mtu mwema, mchapakazi, lakini funguo zote za kiwanda alizifunga kiunoni. Akitembea unasikia ng'ombe mwenye njuga. Siku moja akapata msiba Shinyanga, akaondoka na njuga zake. Nafika pale nakuta kiwanda kizima kimekaa kivulini kinacheza karata. Malighafi iko ndani, imefungiwa, ufunguo uko matangani. Aliporudi nilimpa pole ya msiba, nikamwacha anywe maji, kisha nikamwambia, "Mzee, kampuni yako haiwezi kuwa kubwa kuliko mfuko wa suruali yako." Alikasirika wiki nzima. Ya pili akagawa funguo. Sasa sabuni zake zinavuka daraja kwenda Geita na mbele huko, na yeye anacheza na wajukuu.

Uliweke hilo la funguo mahali, tutalirudia.

Maana hadithi ninayotaka uondoke nayo ni ya Mama Koku, na kila nikiikumbuka damu inanichemka kama ndiyo kwanza asubuhi ya siku ile. Mama Koku ni Mhaya wa Kagera, binti wa mkulima wa kahawa, amesoma mpaka akatosheka, kisha akaacha ofisi ya watu akaja kukausha dagaa. Ndugu zake walidhani amerogwa. Mimi nilipomkuta alikuwa na kiwanda upande wa Ilemela, mbele ya uwanja wa ndege, pale mawe makubwa yanaposhuka mpaka majini. Chanja ndefu za kuanikia, mashine ya kupepeta, chumba cha kufungashia chenye akina mama waliovaa kofia nyeupe kama manesi. Choo chake, nikwambie, ungeweza kulia chakula. Udogo alikuwa ameshauacha, na ukubwa ulikuwa unamchungulia dirishani.

Ikaja kampuni moja ya Dar, wasambazaji wa vyakula madukani mpaka Dodoma na Mbeya. Walitaka dagaa wa pakiti, mwaka mzima. Wakikubali, Mama Koku amevuka. Wakikataa, tajiri mmoja wa mjini alikuwa ameshamwambia yuko tayari kuyachukua majengo yale ayafanye stoo ya saruji, na akina mama wa kofia nyeupe warudi kwao. Mama Koku si mtu wa kulia wala kupiga kelele. Jambo likiwa zito, sauti yake inashuka. Siku ile ilishuka mpaka nikasogeza kiti.

"Bwana Shija, hii ndiyo," alisema. "Nyuma ya hii sina nyingine."

Dar wakasema watamtuma mtu wao aje aone kiwanda kinavyofanya kazi. Aje lini? Jumatano. Aliyepokea simu ni Sospeter, msimamizi wa uzalishaji, kijana wa Kijita, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Akajibu, "Karibu sana, Jumatano." Mama Koku akasema Jumatano. Mlinzi wa getini akasema Jumatano. Hata mimi, Shija, nikasema Jumatano. Hakuna aliyeinua macho juu.

Ngoja nieleze kwa wewe uliyezaliwa mbali na ziwa. Dagaa anavuliwa kwa taa. Mvuvi anawasha taa juu ya maji kwenye giza, dagaa anakuja kuitazama, anazungushiwa wavu. Mwezi ukijaa, ziwa zima ni taa. Dagaa anatawanyika, na taa ya mvuvi haitazamwi na mtu. Ndiyo maana wavuvi wetu huhesabu kazi kwa giza: giza hili, giza lililopita. Siku za mbalamwezi mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanaoa, wanagombana. Sisi tuna kalenda mbili, ya ukutani na ya angani. Na kosa letu, ambalo mtu wa Dodoma hawezi kulifanya hata akijitahidi, ni kwamba hii ya angani tumeizoea mno hata hatuitaji. Nani anamwambia mgeni kwamba usiku jua halipo?

Basi Jumatano ikafika. Nikaenda mwenyewe uwanja wa ndege kumpokea mgeni, nimevaa suti yangu ya kijivu, ile ya kufungulia milango. Anashuka bwana mmoja mrefu, mtaratibu, Mchaga, Bwana Shayo. Macho yake yanatulia kwenye kitu mpaka kitu kinaona aibu. Njia nzima namwimbia kiwanda: mashine zinavyonguruma, chanja zinavyong'aa fedha tupu, ndege wanavyogombania angani. Anaitikia tu, "Ee. Ee."

Tukafika getini. Kimya. Nikapandisha sauti yangu ili nizibe kile kimya.

Ndani, chanja zimejaa dagaa. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Akina mama wamesimama mstari mmoja kama wanasubiri picha. Sospeter anakuja mbio, mikono ya ovaroli imelowa mpaka viwikoni.

"Shikamoo mzee! Karibu mgeni! Kazi inaendelea, kama mnavyoona!"

"Marahaba," nikasema, na hapo hapo nikaanza kuhisi kitu hakijakaa sawa. Bwana Shayo alikuwa anatembea kati ya chanja mikono nyuma. Hakugusa kitu. Akatazama chini, akatazama juu, akasimama.

"Kijana," akasema. "Hawa wamekuja leo?"

"Leo leo! Wa moto kabisa!"

"Dagaa mbichi uwanja mzima. Ndege wako wapi?"

Nikainua macho. Juu ya bati korongo wawili wamekaa, shingo zimeingia ndani, wanatuangalia kama wazee wa baraza. Hakuna hata mmoja aliyeshuka. Hapa kwetu ukianika dagaa mbichi, unahitaji mtu wa kufukuza korongo na yangeyange mpaka mkono umuume. Wale wawili walikuwa wamewaonja dagaa wa Sospeter asubuhi, wakawakataa.

Bwana Shayo akaokota dagaa mmoja. "Mama yangu amenisomesha kwa meza ya dagaa, soko la Moshi," akasema taratibu. "Dagaa mbichi ni fedha. Huyu ni karatasi iliyonyeshewa. Alishakauka huyu. Mmemlowesha."

Kumbe ndivyo. Sospeter alifika asubuhi, akakuta hakuna mtumbwi uliotoka, akakumbuka mgeni, akafungua magunia ya dagaa wakavu waliobaki, akawamwagia maji kwenye mabeseni na kuwaanika upya. Kijana wangu, mimi nimeona watu wakiongeza maji kwenye maziwa. Kwenye dagaa mkavu ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Mama Koku akatoka ofisini. Alikuwa amesikia. Akaja mpaka kwenye chanja, akaweka kiganja juu ya dagaa, maji yakamchuruzika vidoleni. Sauti ikashuka.

"Sospeter. Hukulowesha dagaa. Umenilowesha mimi."

"Mama, mwezi umejaa," Sospeter akasema, macho chini. "Ningemwonyesha nini mgeni? Chanja tupu?"

"Mwezi umeingiaje kwenye kiwanda?" akauliza Bwana Shayo, na tayari alikuwa anaangalia lango la kutokea.

Hapa ndipo mtu wa kazi yangu anapokula chakula chake. Mwingine angeanza kuomba radhi, angejieleza, angemkimbiza mgeni hotelini akampe sato wa kuchoma. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, wakageuka wote. Nikasema, "Bwana Shayo, umetukamata, na vizuri umetukamata. Mtu anayejua dagaa kiasi hicho ndiye tunayemtaka. Sasa usiondoke na uongo wetu peke yake, chukua na ukweli. Mwaloni, inakotia nanga mitumbwi ya dagaa, ni hapo chini. Twende kwa miguu."

Akafikiri. "Ndege yangu ni jioni," akasema. Tukaenda, Mama Koku nyuma yetu.

Mwaloni, mitumbwi imepandishwa yote mchangani. Nyavu zimetandazwa juu ya mawe kama mashuka ya hospitali. Chini ya turubai Mzee Majura, mwenye mitumbwi mingi kuliko wote pale, anacheza drafti kwa vizibo vya soda na mwenzake.

"Shikamoo mzee," Bwana Shayo akasema.

"Marahaba, mgeni. Shija, umemleta afisa? Leseni zipo."

"Siyo afisa. Anataka kujua kwa nini hamjaingia majini."

Mzee Majura akamtazama Bwana Shayo kuanzia viatu. "Huko kwenu mwezi haujai?"

"Unajaa, mzee. Ila hatuuangalii."

"Haya. Sisi unatuangalia." Akasogeza kizibo. "Dagaa akishawashiwa taa na Mungu, taa yangu ya nini? Njoo giza. Ukija giza nitakupa dagaa mpaka ukimbie."

Wenzake wakacheka. Bwana Shayo hakucheka, lakini nikaona mabega yake yamelegea. Akakaa juu ya jiwe, akamgeukia Mama Koku, akauliza swali ambalo mpaka leo nalisifu. Tuseme ukweli, msomi akiwa msomi kweli ni raha kufanya naye kazi.

"Nimeelewa. Huo siyo uvivu, ndivyo ziwa lilivyo. Lakini mteja wangu wa Dodoma naye haangalii mwezi. Ataingia dukani siku yoyote. Siku kama ya leo nimpe nini?"

Mama Koku akageukia upande wa kiwanda chake. Maana jibu lake la siku zote lilikuwa: hakuna. Kila giza likiisha, wafanyabiashara wa Kongo walikuwa wanakuja na malori, wananunua kila kilichopo, ghala linabaki na mende. Kisha mbalamwezi inaingia, mashine zinalala, akina mama wanakaa nyumbani, na kampuni inasubiri giza jingine kama kuku anayesubiri kutupiwa mtama. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka yote. Kila mtu pale ufukweni aliishi hivyo.

Nikainuka. Sikuwa nimejiandaa, mambo yangu makubwa huja nikiwa nimesimama. Nikasema, "Sikilizeni. Dagaa mkavu, akikauka kweli, anakaa. Kwa nini tunamuuza siku ile ile kama nyanya? Kila giza tuweke sehemu pembeni, kazi yake mbalamwezi tu. Mtumbwi ulale, kiwanda kisilale. Siku ziwa halina dagaa, sisi tuwe nao. Kuvua sana hata Mzee Majura anaweza."

"Nakusikia," akasema Mzee Majura bila kuinua kichwa kwenye drafti.

Bwana Shayo akasimama, akajifuta mchanga. "Maneno mazuri," akasema. "Mama, nitakupa nafasi moja. Sitaki lori la giza, la giza kila mtu analo. Nileteeni lori moja la pakiti, limejaa, mwezi ujao ukiwa umejaa kama leo. Likija, tunasaini. Lisipokuja, tusisumbuane." Akapanda ndege akaondoka zake.

Tuliporudi kiwandani, Mama Koku akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani anakwenda kumfukuza Sospeter. Akamwita, akavua ufunguo wa ghala kwenye mkufu wake, akamwekea mkononi.

"Mama?" Sospeter akashtuka.

"Dagaa wa mbalamwezi ni wako. Usimfungulie mtu."

Nikamvuta pembeni. "Mama Koku, huyu huyu wa mabeseni?"

"Bwana Shija, huyu ndiye anayejua kuliko wote uongo unavyoonekana. Na wewe mwenyewe ulinichosha na hadithi yako ya mtu wa sabuni."

Nikanyamaza. Mimi kunyamaza ni tukio.

Giza likaingia, na kijana, laiti ungekuwepo! Mitumbwi inatia nanga alfajiri ziwa zima linameta, ndoo zinapokezanwa mkono kwa mkono, akina mama wanaimba, korongo wamerudi kwa fujo zao zote. Niliwasimamia mwenyewe. Ukitaka kujua dagaa wa kuweka, usimtazame, mfinye. Chota ngumi moja, binya karibu na sikio. Akilia kama majani makavu, huyo wa ghalani. Akinyamaza, mrudishe juani, ana maji tumboni. Magunia yasikae sakafuni, yakae juu ya mbao. Yasiegemee ukuta, ukuta una jasho. Na aliyeingia kwanza atoke kwanza, kama foleni ya hospitali. Hayo ukiyashika unaweza kuniita mwalimu wako.

Ghala likaanza kupanda. Sospeter alihamishia kiti chake mlangoni. Akawa anakula pale, anapigia simu pale.

Giza likaelekea mwisho, Wakongo wakafika. Mkubwa wao tulimwita Papaa, mtu mnene mwenye furaha, rafiki wa Mama Koku wa miaka. Akapewa magunia yake ya kawaida, lakini pua ya Papaa haidanganyiki. Akaelekea ghalani.

"Mama Koku, rafiki yangu! Na bile byenye biko ndani? Nipatie byote, motokari iko na nafasi!"

"Hao si wa kuuza, Papaa."

"Dagaa si ya kuuza? Basi ni ya kufuga?"

Akapandisha bei. Mama Koku akakataa. Akapandisha tena. Siku ya pili akarudi akapandisha mpaka mimi mwenyewe, Shija, mwenye wazo, nikameza mate. Na Mama Koku ana watu wa kulipa, ana mtoto chuoni, na lori la Dar ni ahadi tu, hata karatasi hatuna. Mvua ikinyesha vibaya, Bwana Shayo akibadili mawazo, atabaki na ghala la dagaa na tajiri wa saruji mlangoni. Nilimwona akishika ile sehemu ya shingo ambapo ufunguo ulikuwa unakaa. Akasimama, akaenda ghalani. Papaa nyuma yake, anajifuta jasho kwa furaha.

"Sospeter, fungua."

Sospeter akasimama kwenye kiti. Hakufungua.

"Sospeter, nimesema fungua."

"Mama, ulisema nisimfungulie mtu."

"Mimi ndiye mtu?"

Kijana akaweka mikono nyuma, ufunguo umebanwa ngumini. "Mama, nisamehe. Hata wewe ni mtu."

Akina mama wakatoka na kofia zao. Mama Koku akamtazama yule kijana aliyemlowesha mbalamwezi iliyopita. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini chini, kikapanda, mpaka akashika fremu ya mlango.

"Papaa," akasema akifuta macho, "umesikia msimamizi wangu. Rudi giza lijalo."

"Huyu kijana ni mubaya!" Papaa akalalamika, naye anacheka. "Nimupeleke Kongo!"

Siku hiyo, ukiniuliza mimi, ndiyo kampuni ya Mama Koku ilikua. Lori lilikuja tu kutangaza. Siku ile mwenye mali aliamuru na kampuni ikamkatalia kwa faida yake. Ukiona hivyo kwenye kampuni unayoisimamia, funga mkoba wako uende nyumbani, kazi yako imekwisha. Nimewaambia hili watu wengi, na wengi walidhani natania.

Mbalamwezi ikafika. Sospeter akafungua ghala kwa mkono wake, na magunia yakaanza kutoka, aliyeingia kwanza akitangulia. Mashine ya kupepeta ikanguruma siku ambayo haijawahi kunguruma tangu iletwe. Akina mama wanafungasha, wanataniana, mmoja anasema mumewe haamini kwamba anakwenda kazini mwezi ukiwa umejaa, anadhani ana jambo. Pakiti zimechapwa Nyakato, maboksi ya hapa hapa, wapakizi kutoka Igogo kwetu. Nilisimama katikati ya uwanja nikahesabu kichwani ni nyumba ngapi zitapika leo kwa sababu ya lori moja, nikashindwa, na mimi hesabu za kichwani siziogopi. Ukisikia watu wanasema uchumi wa taifa, usiangalie juu kwenye runinga. Ni hao hapo, wanapakia.

Bwana Shayo alikuja mwenyewe, bila kutoa taarifa. Hakuingia ofisini. Alikwenda chooni kwanza, akapita wanapokula, akazunguka nyuma. Nilikuwa nimemsimulia ya Mzee Balele njiani ile siku ya kwanza, nikadhani hasikilizi. Akarudi, akafungua pakiti moja, akachota ngumi, akabinya karibu na sikio. Akamsikilizisha na Sospeter.

"Wanalia," akasema Sospeter.

"Wanalia," akasema Bwana Shayo, na akatoa kalamu.

Lori likatoka getini mchana kweupe. Mimi nilikaa mbele na dereva, ushindi wangu siushangilii nikiwa nimesimama. Njia inapita juu ya mwalo. Mitumbwi yote imelala mchangani, nyavu juu ya mawe, Mzee Majura na mwenzake kwenye drafti yao. Aliposikia jinsi lori linavyonguruma kwa uzito, akainuka. Akalitazama kuanzia magurudumu mpaka turubai. Akageuka akatazama ziwa: tupu, linameta, hakuna hata mtumbwi. Akalitazama lori tena.

"Nyie!" akapiga kelele. "Na mwezi huu, mmevua wapi?"

Nikatoa kichwa na suti yangu ya kijivu dirishani. "Ghalani, mzee! Tumevua ghalani!"

Akabaki amesimama, kizibo mkononi, mdomo wazi, na mwenzake akatumia nafasi hiyo akamla kete tatu.